Sentimita 38 kwa Kilomita: Mhandisi Aliyeisafisha London

Vijana wanaokuja kwetu kufanya mafunzo ya vitendo hutamani madaraja. Ukiwauliza wangependa kukumbukwa kwa lipi, watakutajia nguzo ndefu, barabara za juu na taa zinazowaka usiku kucha. Mimi sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imeishia kwenye mabomba ya majitaka ya Dar es Salaam, na kila kundi jipya likifika huwa nalitajia jina moja: Joseph Bazalgette. Wengi wao hawajawahi kulisikia.

Alikuwa mhandisi wa ujenzi wa jiji la London, Uingereza, katika karne ya 19. Sidhani kama yupo mhandisi wa mji aliyeokoa maisha ya watu wengi kuliko yeye, na nikiulizwa alifanyaje, siwaambii vijana habari za kipaji. Zama zake walikuwapo wahandisi wenye majina makubwa zaidi. Nawaambia kwamba Bazalgette alikaa kwenye kazi moja, ya mji mmoja, kwa miaka 40. Alipima, akakagua, akasahihisha, akarudia. Mipango mizuri ya miji iko mingi kwenye makabati, kwetu na kwingineko. Kinachoupa mji afya ni mtu anayekaa na mpango hadi uwe bomba, kisha akakaa na bomba hadi lifanye kazi.

Mji uliokunywa majitaka yake

Bazalgette alizaliwa Enfield, kaskazini mwa London, Machi 1819. Babu yake alikuwa fundi cherehani aliyehamia Uingereza kutoka Ufaransa, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Akiwa bado kijana mdogo aliwekwa chini ya mhandisi John MacNeill, akajifunza kazi ya kukausha ardhi ya majimaji huko Ireland. Naamini kazi hiyo ndiyo iliyomjenga. Anayekausha vinamasi hujua mapema kwamba maji hayasikilizi amri wala hotuba. Yanafuata mteremko, basi.

Mwaka 1842 alifungua ofisi yake Westminster. Uingereza ilikuwa imepagawa na reli, kazi zikamiminika, naye akafanya kazi hadi mwaka 1847 afya ikamkatalia. Alipumzika shambani, akapona, na mwaka 1849 akaajiriwa na tume iliyosimamia mifereji ya London kama msaidizi wa mpima.

Mji aliopewa auhudumie ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 kwa hesabu ya mwaka 1851, na ulikuwa mkubwa kuliko miji yote duniani wakati huo. Mifereji yake ya chini ilichimbwa kwa ajili ya maji ya mvua. Kinyesi kilikaa kwenye mashimo chini ya nyumba au nyuma ya nyumba, na wapo watu waliolipwa kukizoa usiku na kukipeleka mashambani. Utaratibu huo ulivunjika kwa sababu mbili. Kwanza, vyoo vya kuvuta maji vilienea, na mashimo yakaanza kujaa maji kwa kasi ambayo wazoaji hawakuimudu. Pili, kuanzia mwaka 1848 wakuu wa mji waliagiza mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe na mifereji. Agizo lilitolewa kwa nia njema, ila mifereji ile yote ilikuwa na mwisho mmoja: Mto Thames. Na Thames ndio uliokuwa chanzo cha maji ya kunywa kwa sehemu kubwa ya wakazi.

Matokeo yake yaliandikwa kwenye daftari za vifo. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 London. Kikarudi mwaka 1853 na 1854, kikaua zaidi ya 10,000.

Katika wimbi hilo la pili, daktari John Snow alifanya kazi ambayo leo inafundishwa katika kila chuo cha afya. Septemba 1854 alizunguka nyumba hadi nyumba katika mtaa wa Soho, akaonyesha kwamba wagonjwa wengi walikuwa wameteka maji kwenye pampu moja ya Broad Street. Alisema ugonjwa umo ndani ya maji. Wakuu wengi hawakumsadiki. Wao, pamoja na wahandisi wengi wa wakati ule, waliamini kwamba kinacholeta ugonjwa ni harufu mbaya inayopanda kutoka kwenye uchafu. Snow alifariki Juni 1858 kabla hajaona hoja yake ikikubaliwa.

Harufu ilipofika bungeni

Mwaka 1856 ilianza kazi bodi mpya ya kusimamia ujenzi wa jiji zima, Metropolitan Board of Works, na Bazalgette akachaguliwa kuwa mhandisi mkuu. Miongoni mwa waliomdhamini alikuwamo Isambard Kingdom Brunel, mjenzi mashuhuri wa reli na meli. Michoro ya Bazalgette ilikuwa tayari. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa na fedha. Waziri aliyehusika, Sir Benjamin Hall, aliirudisha mipango zaidi ya mara moja akitaka majitaka yatolewe mbali zaidi na mji, na mvutano wa nani alipe gharama ya umbali huo ukala miaka miwili.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi walioumia walikuwa maskini wa kandokando ya mto. Kisha yakaja majira ya joto ya mwaka 1858. Joto lilipanda kupita nyuzi 30, mto ukapungua, na uchafu uliolala kwenye kingo ukachemka juani. Jengo jipya la Bunge lilikuwa ukingoni kabisa mwa Thames. Mapazia ya madirisha yalilowekwa dawa ya klorini na chokaa ili wabunge waweze kupumua, na yalisemwa maneno ya kuhamisha vikao. Muswada ulipelekwa bungeni ukapita kwa muda wa siku 18, na mapema Agosti ukawa sheria. Bodi ikaruhusiwa kukopa paundi milioni 3 kwa dhamana ya hazina ya serikali, na deni lilipwe kwa kodi ya pensi 3 katika kila paundi ya thamani ya majengo kwa miaka 40. Pingamizi la waziri likaondolewa.

Vijana wangu hupenda sehemu hiyo ya mapazia. Mimi nawavuta warudi kwenye ile miaka 40 ya kodi. Pale ndipo sheria ilipokuwa na busara. Mfereji unaotumika miaka 100 hauwezi kujengwa kwa bajeti inayopangwa upya kila Juni. Wabunge wale walikubali kwamba mji ukope leo na ulipe polepole, kwa sababu watakaonufaika wengi walikuwa hawajazaliwa.

Mifereji ya kukinga

Ramani ya zamani ya London ilikuwa na kasoro inayoeleweka kwa macho tu. Mifereji yote ilishuka moja kwa moja kuelekea mtoni, kutoka kaskazini na kutoka kusini. Thames ni mto unaopanda na kushuka kwa maji ya bahari. Maji yalipojaa, midomo ya mifereji ilizibwa na majitaka yakarudi nyuma hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba. Yalipokupwa, majitaka yakatoka, na maji yalipojaa tena yakarudishwa mjini. Uchafu ulikuwa ukienda na kurudi mbele ya watu walewale waliouteka kwa ndoo.

Bazalgette hakuivunja mifereji ya zamani. Alichimba mipya iliyokata njia yake, kutoka magharibi kwenda mashariki, sambamba na mto. Angalia paa la bati wakati wa mvua: maji yanashuka kwenye kila bonde la bati, na badala ya kuanguka uani yanakingwa na mfereji mmoja uliofungwa ukingoni, ukayapeleka upande hadi kwenye tangi. Mifereji ya Bazalgette ilifanya kazi hiyo kwa mji mzima. Kaskazini mwa mto aliweka mitatu, mmoja katika kila kimo cha ardhi: juu, kati na chini. Kusini aliweka wa juu na wa chini. Yote ilielekea mashariki, nje ya mji, hadi Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini. Huko majitaka yalihifadhiwa kwenye matangi makubwa, yakaachiwa bahari ilipoanza kukupwa ili yachukuliwe kuelekea baharini.

Urefu wa mifereji mikuu ni kilomita 132 hivi, na mifereji ya mitaani inayoingia humo ilifikia takriban kilomita 1,770. Yalitumika matofali ya kuchoma milioni 318. Yote hayo yalichimbwa kwa sururu na koleo, katikati ya mji uliokuwa unaendelea na maisha, chini ya reli, mifereji ya meli na misingi ya nyumba za watu.

Sentimita 38

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Mteremko aliouchagua Bazalgette kwa mifereji yake mikuu ulikuwa futi 2 kwa maili. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 38 kwa kilomita. Simama mwanzo wa kilomita hiyo, tazama mwisho wake, jicho lako halitaona tofauti yoyote. Maji yanaiona.

Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu London ni tambarare. Ukiongeza mteremko, kila kilomita unayokwenda unazidi kuzama ardhini, na mwishoni unalazimika kuyapandisha majitaka kutoka kina kirefu zaidi kwa mashine na makaa ya mawe, kila siku, milele. Ukipunguza mteremko, maji yanasinzia, mchanga na kinyesi vinatua chini, na mfereji unaziba. Bazalgette alihesabu kwamba mwendo wa kama kilomita 2.4 kwa saa unatosha kuufanya mfereji ujisafishe wenyewe. Mifereji midogo inayoingia humo akaipa umbo la yai lililosimama kwa ncha, ili hata usiku wa manane maji yakiwa machache yabanwe kwenye sehemu nyembamba ya chini na yaendelee kukimbia.

Kwenye sehemu za chini kabisa, ambako mteremko ulikuwa umeisha, alijenga vituo vya pampu za mvuke. Kituo cha Crossness kilifunguliwa Aprili 1865 kikiwa na mashine nne kubwa zilizotengenezwa na kampuni ya James Watt, na zikapewa majina ya familia ya kifalme: Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra. Kituo cha Abbey Mills, kilichokamilika mwaka 1868, kiliinua majitaka ya mfereji wa chini mita zipatazo 11, yakapata tena kimo cha kuteremkia.

Asiyewahi kulaza bomba anaweza kudhani sentimita ni jambo la ofisini. Niliwahi kusimamia kazi ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambako mkandarasi alitaka kufukia mtaro kabla ya ukaguzi. Tukaomba tochi na kioo. Mtu mmoja huingia chemba ya juu akawasha tochi ndani ya bomba, mwingine huinama chemba ya chini akiwa ameshika kioo. Bomba likiwa limelala sawasawa, kwenye kioo unaona duara kamili la mwanga. Siku ile duara halikuwa kamili. Katikati ya njia bomba lilikuwa limezama.

Fundi mkuu, mtu mzima aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, alisogea pembeni yangu akasema kwa upole, "Mama Injinia, hiyo ni sentimita tatu tu. Maji yatapita."

"Maji yatapita, mzee wangu," nikamjibu. "Kilichomo ndani ya maji ndicho kitakachobaki."

Tukafukua. Chini ya bomba hapakuwa na mchanga wa kutosha, palikuwa na tope lililomwagika kutoka ukingoni mwa mtaro. Likazolewa, mchanga ukashindiliwa, bomba likalazwa upya kwa kipimo. Kazi ilichelewa na mkandarasi akanung'unika. Lakini wanaoishi mtaa ule hawajui kwamba wangekuwa wanaita gari la kuzibua kila baada ya mwezi, na hawahitaji kujua. Kazi yetu ikifanikiwa haina hadithi ya kusimulia.

Saruji iliyovutwa hadi ikatike

Bazalgette alichukua hatua nyingine ya kijasiri. Wakati ule wajenzi wengi wa Uingereza waliamini saruji iliyoitwa ya Kirumi. Saruji ya Portland ilikuwa bado ngeni kwa kazi kubwa za umma. Ilikuwa na sifa ya kushika vizuri ndani ya maji, lakini ilikuwa na hatari yake: ikichomwa vibaya tanuruni, haifai. Mhandisi anayekwepa lawama angekaa na alichokizoea.

Yeye aliichagua, kisha akaiwekea ulinzi. Msaidizi wake, John Grant, aliandaa utaratibu wa majaribio. Kutoka kwenye saruji iliyoletwa, vilitengenezwa vitofali vidogo, vikalowekwa majini siku 7, kisha vikafungwa kwenye mashine na kuvutwa hadi vikatike. Uzito uliovikata uliandikwa. Saruji isiyofikia kipimo ilirudishwa kwa mwenyewe. Grant aliyaandika matokeo yake na kuyawasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa ujenzi, na desturi ya kupima saruji kabla ya kuijengea ikaenea.

Leo, kila mara fundi wa maabara ya ujenzi Tanzania au Kenya anapotoa tofali la zege kwenye maji baada ya siku 7 na kuliweka kwenye mashine ya kulibana, anaendeleza desturi iliyopata nguvu kwenye mifereji ile. Ningependa kila anayejenga alijue jambo hilo. Wapo wanaoliona jaribio la zege kama karatasi ya kumridhisha mshauri. Mifereji ya Bazalgette bado inabeba majitaka ya London hivi leo, na mojawapo ya sababu ni kwamba kuna mtu alivuta vitofali hadi vikatike na akawa na mamlaka ya kusema hapana.

Neno mamlaka nalisema kwa makusudi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 bodi aliyoitumikia ilikumbwa na kashfa ya rushwa, tume ya kifalme ikachunguza, na baadhi ya maofisa wakakutwa na makosa. Bazalgette, aliyekuwa amesimamia kazi za fedha nyingi, alitoka akiwa safi. Vipimo vya kitaalamu vinasimama pale tu mwenye kuvisoma anapokuwa hanunuliki.

Mji mpya juu ya mfereji

Mfereji wa chini wa upande wa kaskazini ulitakiwa kupita karibu na mto, katikati ya mji wenye msongamano. Badala ya kubomoa majumba, Bazalgette aliusogeza mto. Alijenga ukuta wa mawe ya granite ndani ya Thames, kutoka Westminster hadi Blackfriars, akajaza nyuma yake, akapata ardhi mpya. Hiyo ndiyo Victoria Embankment, iliyofunguliwa Julai 1870. Ukiikata kwa kisu cha mawazo utakuta ndani yake mfereji wa majitaka, njia ya mabomba ya gesi na maji ambayo mafundi huingia bila kuchimba barabara, na pembeni reli ya chini ya ardhi. Juu yake ni barabara pana, miti na bustani. Mwaka 1878 ikawashwa taa za umeme. Upande wa pili Albert Embankment ilikuwa imefunguliwa mwaka 1869, na Chelsea ikafuata mwaka 1874, mwaka ambao Bazalgette alipewa cheo cha Sir.

Hapa kuna somo kwa kila jiji linalochimba barabara hiyohiyo mara tatu, leo bomba la maji, kesho waya wa intaneti, keshokutwa mfereji wa mvua. Bazalgette alifukua mara moja akaweka vyote.

Orodha yake ni ndefu. Alisimamia mitaa mipya kama Northumberland Avenue, Charing Cross Road na Shaftesbury Avenue. Alisanifu madaraja ya Putney, Hammersmith na Battersea. Madaraja ya zamani yaliyotoza ushuru yalinunuliwa kwa fedha za umma na watu wakavuka bure. Mwaka 1889, mwaka aliostaafu, kilianza kivuko cha Woolwich, na hadi leo mtu hukipanda bila kulipa nauli. Wakazi wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, wataelewa upesi maana ya jambo hilo kwa mtu anayevuka kila siku kwenda kibaruani.

Walioishi chini ya mto

Kazi yake ilikuwa na upungufu mkubwa, na haifai kuuficha. Majitaka yaliyofika Beckton na Crossness hayakusafishwa. Yaliondolewa mbele ya wakazi wa London yakapelekwa kwa majirani zao wa chini. Watu wa Barking walilalamika mapema. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa karibu na sehemu hizo muda mfupi baada ya majitaka kuachiwa, na watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Tume ikaundwa. Baada yake majitaka yakaanza kutuamishwa kwa kutiwa dawa, na tope lililobaki likapakiwa kwenye meli na kumwagwa baharini. Meli ya kwanza ya kazi hiyo, mwaka 1887, iliitwa Bazalgette. Umwagaji huo baharini uliendelea hadi mwaka 1998.

Kwa hiyo nawaambia vijana: bomba linalotoka mtaani kwako lina mwisho, na mwishoni kuna watu. Mchoro usioonyesha majitaka yanaishia wapi haujakamilika.

Kuhusu ugonjwa, ushahidi haukukawia. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi London kwa mara ya mwisho, kikaua zaidi ya watu 5,500 upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeshaunganishwa na mifereji mipya na ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Waliokufa walikuwa pale ambapo mfumo ulikuwa haujakamilika, na maji yao yalikuwa yamechafuliwa. Hoja ya Snow ikapata nguvu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani, mji uliokunywa maji ya mto bila kuyachuja. London, yenye meli zinazoingia kutoka kila bandari, haikupata janga. Bazalgette alikuwa amefariki Machi 1891.

Kwetu

Wakati Victoria Embankment ikimaliziwa, kipindupindu kilikuwa Zanzibar. Janga la mwaka 1869 na 1870 lilishuhudiwa na daktari James Christie, ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kilichofuatilia ugonjwa huo kwenye njia za biashara na misafara ya Afrika Mashariki. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870, alileta maji ya chemchemi kwa njia ya mabomba hadi Mji Mkongwe. Kwa hiyo fikra ya kwamba mtawala ana wajibu wa maji safi ina umri mrefu pwani yetu.

Dar es Salaam ya leo ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wao hutegemea vyoo vya mashimo na makaro. Kila masika kuna wanaosubiri mvua kubwa ili wapate kutapisha vyoo, uchafu uende na maji ya mtaroni hadi Mto Msimbazi. Tusiwaseme tu. Mpangaji aliye kwenye kichochoro ambacho gari la majitaka halipiti, na ambaye bei ya kunyonya shimo inamshinda, hana njia nyingi. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia jijini kwetu kikasambaa mikoani. Ni ugonjwa uleule aliopambana nao Bazalgette, na dawa yake ni ileile: kutenganisha kinyesi na maji ya kunywa.

Si lazima tuige London tofali kwa tofali. Kuna mitaa inayofaa bomba kubwa, kuna inayofaa mtambo mdogo wa kusafisha majitaka hapohapo, na kuna inayofaa mashimo yaliyojengwa vizuri na pampu ndogo za mkono zinazoingia vichochoroni. London yenyewe imelazimika kuongeza: mifereji ile ya zamani hufurika mvua zikinyesha, na mwaka 2025 ilikamilika kuunganishwa na njia mpya ya chini yenye urefu wa kilomita 25 na upana wa zaidi ya mita 7. Mji unakua, kazi haiishi.

Tunachopaswa kuiga ni utaratibu wa kazi. Tanzania imewahi kumheshimu mhandisi: barabara ya juu ya TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 2018, inabeba jina la Patrick Mfugale, na nilifurahi siku hiyo kwa niaba ya taaluma nzima. Sasa tuipeleke heshima hiyo chini ya ardhi. Tumpe mhandisi wa majitaka wa jiji muda wa kutosha kuuona mpango wake ukikamilika, fedha zisizokatika kila mwaka, maabara inayopima, na kinga ya kumkataa mkandarasi mwenye wajomba.

Nawe msomaji una nafasi yako. Mtaro ukichimbwa mtaani kwako, usisubiri sherehe ya uzinduzi. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, muulizeni msimamizi maswali matatu: bomba hili lina mteremko gani, nani amelipima kabla halijafukiwa, na majitaka haya yanaishia wapi? Mhandisi anayeijua kazi yake atafurahi kukujibu. Asiyeweza kujibu, mtaro wake usifukiwe.